SOMO LA UJENZI: ZEGE LA NJIA YA GARI KATIKA MWAMBAO WA ZIWA TANGANYIKA

Kila kiangazi kinapofika, wakazi wengi wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji wenye magari, bajaji au pikipiki huazimia kuweka zege kati ya barabara na nyumba. Azma hiyo ni njema, kwani udongo mwekundu wa vilimani huteleza wakati wa mvua, na mchanga wa maeneo ya chini hunasa magurudumu. Hata hivyo, fedha za kaya nyingi hupotea kwa zege linalopasuka kabla ya kumaliza mvua mbili au tatu. Mara nyingi saruji hulaumiwa, na fundi hulaumiwa zaidi. Sababu kubwa ni kwamba maji hayakupangiwa njia kabla ya zege kumwagwa.

Fundi aliyejifunza kazi Dar es Salaam au Unguja huja na tahadhari za pwani, nazo ni sahihi huko. Chumvi ya bahari hupenya katika zege, ikafikia nondo, nondo zikashika kutu na kuvimba, na zege likabanduka vipande vipande. Kwa Kigoma hali ni tofauti. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, lakini lita moja ya maji ya Ziwa Tanganyika haifikishi hata gramu 1. Maji ya ziwa yaliyo safi, yasiyo na tope wala mafuta ya mashua, yanafaa kuchanganyia zege. Adui wa zege la hapa ni maji yenyewe: yale yanayoshuka vilimani kwa kasi kuanzia mwezi Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na yale yanayopanda kutoka chini.

Maji yanayopanda husahauliwa kwa urahisi, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu mmoja ni fupi kuliko mwenendo wa ziwa. Katika karne ya 19 ziwa lilipanda hadi mwaka 1878, lilipovunja kizuizi cha tope na magugu katika mdomo wa Mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika miaka iliyofuata lilishuka kwa takriban mita 10. Ndiyo maana kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871, leo imesimama mbali na maji. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 ziwa lilipanda tena na kufikia kilele mwaka 1964. Mwaka 2024 lilifurika katika fukwe za nchi zinazolizunguka, na mji wa Bujumbura ukaathirika vibaya. Kiwanja kilicho kikavu leo kinaweza kuwa sehemu ya ziwa la jana, na huenda la kesho.

Kwa hiyo mwenye kiwanja cha chini anashauriwa kuchimba shimo la majaribio lenye kina cha mita 1 katika mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ziwa huwa juu. Maji yakionekana kabla ya kufika nusu mita, njia haina budi kuinuliwa kwa kifusi cha changarawe, au zege liahirishwe kabisa. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Bamba la zege ni shughuli ya kudumu, hata kama mwenyewe analiita sakafu ya kuegeshea gari tu. Mchanga nao usichotwe ufukweni. Ufukwe uliochimbwa huliwa na mawimbi, na nyumba za nyuma yake hufuata.

Vilimani kazi huanza na mtaro. Kabla ya kupima upana wa njia, mwenye nyumba asimame uani wakati mvua inanyesha na kuangalia maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Zege halinywi maji kama udongo. Njia yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, ikipata mvua ya milimita 50, hutupa takriban lita 1,500 za maji. Maji hayo yakielekezwa kwa jirani wa chini, ukuta wake wa tofali za udongo ndio utakaolipa. Yakielekezwa katika korongo, korongo litapanuka mpaka lirudi kudai njia yenyewe, na udongo uliochukuliwa utaishia ziwani, katika mazalio ya samaki. Madhara ya tope kwa viumbe wa ziwa hili ni miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa na mradi wa bioanuwai wa nchi nne uliofanyika kati ya 1995 na 2000. Ugomvi mwingi wa maji kati ya majirani ungeweza kuepukwa kwa mazungumzo ya nusu saa kabla ya jembe la kwanza.

Udongo wa juu wenye mizizi uondolewe, kisha iwekwe changarawe yenye unene wa sentimeta 10 hadi 15, imwagiwe maji kidogo na kushindiliwa kwa tabaka. Kisigino kikizama, bado. Bamba lilalie upande mmoja kwa sentimeta 2 katika kila mita ya upana, na upande huo uwe na mtaro uliojengwa kwa mawe. Pale njia inapovuka mtaro wa barabara, mtaro usifukiwe kamwe. Iombwe ruhusa kwa mamlaka ya barabara, ambayo kwa barabara za mijini ni TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kisha liwekwe kalavati lenye upana wa kutosha kusafishwa kwa jembe.

Saruji inayofika Kigoma kwa reli kutoka Dar es Salaam imesafiri zaidi ya kilomita 1,200, na huenda imekaa ghalani. Mfuko wenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole usitumike. Nyumbani mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mchanganyiko wa 1:2:4 unatosha kwa gari dogo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, yaani ndoo moja na robo tatu za lita 20. Kwa hiyo kila mfuko unahitaji mchanga ndoo 3 na nusu, na kokoto ndoo 7. Maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umelowa yapungue hadi lita 20. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Zege lenye maji mengi hutiririka vizuri na kumfurahisha kibarua, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na uso wa zege hugeuka vumbi. Kwa gari dogo unene wa sentimeta 10 unatosha. Kwa lori la maji au la mizigo iwe 15.

Nondo si lazima katika bamba lililolala juu ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Kisichoweza kuachwa ni maungio. Zege hujikunja linapokauka, na lisipopewa mahali pa kukatikia litachagua lenyewe. Kwa unene wa sentimeta 10, maungio yakatwe kila baada ya mita 2 na nusu hadi 3, kwa kina cha sentimeta 2 na nusu, zege likiwa bado bichi. Bamba linapogusa ukuta wa nyumba litenganishwe nao kwa ubao mwembamba au karatasi ya lami. Uso usisuguliwe hadi kung'aa. Upitishwe ufagio mgumu ili magurudumu yasiteleze.

Miezi ya Juni na Julai ndiyo bora kwa kazi hii, ila upepo mkavu wa kiangazi hunyonya maji ya zege kabla halijashika. Kazi ianze alfajiri, na bamba lifunikwe kwa magunia au majani ya migomba yanayomwagiwa maji kwa siku zisizopungua 7. Gari dogo lisubiri siku hizo 7, na lori lisubiri siku 28.

Kwa mtumishi wa kipato cha kawaida, ipo njia ya nafuu ambayo haitumiwi vya kutosha: mikanda miwili ya zege, kila mmoja wenye upana wa sentimeta 70, ikiachiana nafasi ya nyasi au mawe. Njia ya mita 10 iliyojazwa yote kwa upana wa mita 3 hula mifuko 20 hivi ya saruji. Kwa mikanda hula mifuko 9 au 10, na sehemu ya maji ya mvua huzama katikati.

Matunzo hayana gharama kubwa. Kila Septemba mitaro izibuliwe, na nyufa zenye upana unaozidi milimita 3 zisafishwe na kuzibwa kwa lami. Ukungu wa kijani usuguliwe kwa brashi. Mizizi ya miembe ya Ujiji huinua bamba, hivyo ni heri njia ipinde kuliko mwembe kukatwa. Madumu ya mawese yasiwekwe juu ya zege bila kinga, kwani asidi za mafuta hayo hula chokaa iliyomo katika saruji. Chumvi ya kutilia migebuka nayo isimwagwe kwenye kalavati lenye nondo.

Kipande kikizama, kuongeza saruji juu yake ni kutupa fedha. Tabaka hilo jembamba halishiki. Kipande hicho kivunjwe hadi kwenye maungio yake, changarawe ya chini ifunuliwe na kutafutwa mahali maji yanapoingilia. Pakishazibwa, changarawe ishindiliwe upya, na zege jipya limwagwe kwa unene uleule wa awali.