Namba Zilizogeuka Ndani ya Kompyuta

Muhula uliopita mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alitajirika kwa nusu saa. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika programu ya akiba za duka letu la ushirika, kwa lugha ya C, ndimi niliyemtajirisha. Akiba yake ilikuwa shilingi 1,027. Nilipohamisha faili kutoka kompyuta ya kale ya aina ya PowerPC kwenda mpya yenye Intel, ikasomeka shilingi 50,593,792.

Sababu yake ni hii. Kompyuta hugawa namba katika baiti, na kila baiti hubeba thamani toka 0 hata 255. Namba 1,027 katika baiti nne ni 0, 0, 4, 3. Yaani 4 mara 256, kujumlisha 3. Mashine ile ya kale hutanguliza baiti kubwa, hii mpya hutanguliza ndogo. Ni kama Mswahili asemaye "ishirini na tatu" na Mwarabu asemaye "tatu na ishirini". Mwaka 1980 Danny Cohen aliziita desturi hizi kwa majina ya wale watu wa kisa cha Gulliver waliogombania upande wa kupasulia yai.

Basi nikaamua kwamba faili litanguliza baiti kubwa, na mashine yoyote ya "ndogo mbele" igeuze kwanza. Nikaandika sharti la #if: kama BYTE_ORDER ni sawa na LITTLE_ENDIAN, geuza. Kumbe majina yale mawili sikuyafafanua popote, na katika #if jina lisilojulikana huhesabiwa kuwa 0, pasipo kelele yoyote. Sifuri ni sawa na sifuri! Mashine ya kale nayo ikajiona ni ya ndogo mbele, ikageuza bila haja, na mamilioni yakarudi. Yafaa kuuliza kwanza kwa defined, na majina yakikosekana programu ikomeshwe kwa #error.

Lakini mwalimu wetu aliniuliza swali lililonifedhehesha: "Mwanangu, kwani una haja gani ya kuijua mashine?" Kweli sikuwa nayo. Nikisoma baiti moja moja, hesabu yenyewe huweka kila thamani mahali pake:

n = (uint32_t)b[0] << 24 | (uint32_t)b[1] << 16 | (uint32_t)b[2] << 8 | b[3];

Hapo b ni safu ya unsigned char. Hizo uint32_t msiziache, maana bila hizo baiti hugeuzwa int kwanza, na 128 ikisukumwa biti 24 hupita ukomo wa int ya biti 32; tokeo lake C haikuliahidi. Wala msielekeze kielekezi cha uint32_t juu ya baiti za faili kana kwamba ni namba tayari. Kwa Intel mara nyingi hupita, ndiyo maana hudanganya. Ziko mashine zinazokataa anwani isiyogawanyika kwa nne. Wakati wa kuandika, sukumeni biti upande wa pili, baiti kubwa itoke kwanza.

Tulijaribu kwenye kompyuta zote mbili, na akiba zote zikalingana na daftari la mtunza fedha. Yule mtoto anazo shilingi zake 1,027, na hata leo ananidai zilizobaki.