Dondoo muhimu: Usinunue kinoo cha wembe kwa namba tu

Anayetafuta kinoo cha wembe wa kukunja huangalia kwanza namba iliyochapwa ubavuni, na hapo ndipo anapopigwa. Namba bila kipimo chake haisemi kitu: kinoo cha 4000 kwa kipimo cha Japani na cha F1200 kwa kipimo cha Ulaya vyote vina chembe za wastani wa mikroni 3 hivi. Basi kile cha bei chee kilichoandikwa 10000 tu, bila kipimo wala jina la mtengenezaji, kimekuachia ubashiri. Kibaya zaidi ni chembe zisizolingana. Moja kubwa yatosha kumega makali yaliyokwisha kulainika, na shavu ndilo litakalojua.

Utaambiwa wazee walinoa kwa jiwe lolote. Si lolote: koticule ya Ubelgiji, kwa mfano, ilipendwa kwa chembe zake laini za garneti. Wala bei kubwa pekee si kinga. Wembe hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vikigusa jiwe pamoja, kwa hiyo jiwe lililobonyea huharibu kazi hata liwe ghali. Chora mistari ya penseli juu yake, ulisugue kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Mistari ikibaki katikati, pamebonyea. Hilo hurekebishika kwa msasa huohuo. Chembe mbovu hazina dawa, na wembe uliopinda vilevile: ulaze juu ya kioo kabla ya kulipa, ukichezacheza, mrudishie muuzaji.