Kabla ya Kununua Gari la Kifahari Lililozeeka

Bei ya gari la kifahari hushuka kadiri linavyozeeka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nalo. Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz CL ya milango miwili, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2006. Shokapu zake huongozwa kwa mafuta yanayosukumwa na pampu kwa shinikizo kubwa. Mipira na mabomba ya mafuta yanapochakaa, mafuta huvuja. Yakipungua mno, pampu huzunguka kavu na kuharibika. Hivyo mpira mdogo uliopuuzwa huweza kuzaa gharama kubwa mno.

Tunamshauri mnunuzi afanye mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, aombe gari liegeshwe usiku kucha, kisha asubuhi atazame iwapo limeinama upande mmoja au limeacha mafuta chini. Pili, apate makadirio ya maandishi ya vipuri na ufundi kutoka gereji mbili. Tatu, adai kumbukumbu za matengenezo yaliyopita.

Asiyeweza kumudu matengenezo hayo ni heri asinunue. Wahenga walisema: rahisi ghali.