Kitufe cha Tachipadi Kikigoma, Tazama Betri Kwanza

Somo letu la leo ni la vitendo. Tunazungumzia tachipadi, yaani kile kibao cha laptopu tunachokipapasa kwa kidole, pale kinapokataa kubofya. Wengi wetu hapa Uganda tunasomea laptopu zilizokwisha kutumiwa na watu wengine, kwa hiyo tatizo hili si geni hosteli. Mimi si mhandisi, nasomea Uislamu. Lakini laptopu za wenzangu nimezifungua za kutosha kujua jambo moja ninaloomba ulishike: kitufe kisichobofya mara nyingine ni onyo la betri iliyovimba. Ukikimbilia kukikandamiza au kukichokonoa, unaweza kujiletea moto.

1. Ijue tachipadi yako

Laptopu za zamani zina vitufe viwili vilivyojitenga, na kila kimoja kina swichi yake ndogo. Nyingi za siku hizi hazina vitufe vya kuonekana, kwani kibao chote ndicho kitufe. Kibao hicho kimeshikiliwa upande wa juu, karibu na kibodi, na hushuka upande wa chini kama kifuniko chenye bawaba. Chini yake ipo swichi, na kompyuta hutambua umebofya kushoto au kulia kwa kuangalia kidole kilipokaa. Ndiyo maana ukibofya karibu na kibodi unakuta pagumu. Huo si ubovu, ndivyo ilivyoundwa.

Ipo pia aina isiyoshuka kabisa, kama ile iliyoanza kuwekwa kwenye MacBook mwaka 2015. Hiyo hupima nguvu ya kidole, kisha hutikisika kidogo ili uhisi kama imebonyea. Laptopu ikizimwa haibofyi, usidhani imekufa.

2. Kagua betri

Zima laptopu, chomoa chaja, uiweke juu ya meza iliyo sawa. Je, inayumba? Je, tachipadi imeinuka upande mmoja, au imeacha mwanya pembeni? Je, mfuniko wa chini umetuna? Ukiifunga, inafungika vizuri?

Katika laptopu nyingi, betri hukaa chini ya sehemu tunapoegemeza viganja, jirani kabisa na tachipadi. Betri za lithiamu zikizeeka, zikikaa kwenye joto, au zikiachwa kwenye chaja muda wote, kemikali zake huanza kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, basi betri huvimba na kuisukuma tachipadi kutoka chini. Hapo kitufe hukosa nafasi ya kushuka, au hubaki kimebanwa na kishale kikaanza kuchagua maandishi chenyewe.

Mwanafunzi mwenzangu aliambiwa na fundi mmoja mjini kwamba anunue tachipadi mpya. Tulipoiweka laptopu yake mezani, iliyumba. Mfuniko ulipofunguliwa, betri ilikuwa imetuna kama andazi. Ilipotolewa tu, tachipadi ileile ikabofya. Angenunua mpya, nayo ingebanwa vilevile, na hatari ingebaki palepale anapolala.

Ukiona dalili hizi, usiiwashe wala usiichaji. Usiikandamize irudi mahali pake, wala usiichokonoe kwa bisibisi, kwa sababu betri ikitoboka inaweza kuwaka. Iondoe kitandani, iweke mbali na nguo na karatasi, kisha uipeleke kwa fundi aitoe betri. Laptopu nyingi huweza kuwaka kwa chaja bila betri, kwa hiyo mwombe akusaidie kuhamisha kazi zako kwenye flashi. Betri mbovu usiitupe jalalani wala motoni. Muulize fundi pa kuipeleka.

3. Ni programu au ni kifaa?

Kama betri ni salama, washa laptopu upya, kisha chomeka kipanya cha USB.

Kipanya kikibofya vizuri, rudi kwenye tachipadi: gusa mara moja kwa wepesi bila kubonyeza. Kama mguso unafanya kazi lakini kubonyeza hakufanyi, uso wa tachipadi ni mzima. Mgonjwa ni swichi, au kuna uchafu unaoizuia. Kama hata kishale hakisogei, angalia kwanza kama tachipadi imezimwa kwa kitufe cha kibodi au kwenye mipangilio. Huenda pia draiva inahitaji kusakinishwa upya, au waya bapa wa ndani umelegea.

Kipanya nacho kikisumbua, zima tachipadi kwenye mipangilio ujaribu tena. Kikipona, ujue kitufe cha tachipadi kimekwama kikiwa kimebonyezwa. Kisipopona, tafuta tatizo kwenye programu.

4. Kusafisha

Vumbi, makombo na matone ya chai yenye sukari huwa adui wakubwa wa kitufe. Zima laptopu na uchomoe chaja. Pitisha ukingo wa karatasi ngumu kwenye mwanya wa tachipadi ili kutoa makombo. Lowesha kidogo kijiti cha pamba kwa spiriti, usimwage, kisha futa pembeni na ubofye mara kadhaa. Acha ikauke kabisa kabla ya kuiwasha.

Kama umezoea kufungua, ondoa skrubu za chini na uzipange kwa mpangilio ulizotoka, maana huwa hazilingani urefu. Chomoa betri kabla ya kugusa chochote. Waya bapa usiuvute. Inua kwanza kijikufuli chake kwa ukucha, uusukume hadi mwisho, kisha ufunge. Kama hujawahi kufungua, ishia kwenye kusafisha kwa nje.

5. Kazi isisimame

Tafiti na majaribio havisubiri fundi. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya tachipadi na uwashe kugusa ili kubofya: kidole kimoja ni kubofya kushoto, vidole viwili ni kulia. Shift na F10 kwa pamoja hufungua menyu ya kubofya kulia. Kama kibodi yako ina sehemu ya namba, bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, ukubali. Namba zitasogeza kishale na 5 itabofya.

6. Ukifika kwa fundi

Mweleze ulichokwisha kujaribu. Muulize: je, ni swichi tu, au ni tachipadi nzima? Swichi ni kipande kidogo kilichochomelewa kwa risasi, na fundi mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha hicho peke yake. Omba uone betri mfuniko ukiwa wazi.

Ndugu msomaji, usingoje kitufe kigome. Leo kabla ya kulala, weka laptopu yako juu ya meza na uitazame kwa pembeni. Kama imekaa sawa, alhamdulillah. Kama inayumba, isilale chumbani ikiwa kwenye chaja.