SARUFI YA KIBANDANI: "MAMA, NIFUNGIE NNE!"

Mwalimu akitaja mnyambuliko wa vitenzi darasani, wengi wetu huanza kutazama saa. Lakini jioni, wanafunzi hao hao hupita vibandani hapa Matisi wakinyambua vitenzi bila kutoka jasho. Leo nawaalika tuandamane huko. Tutajifunza sarufi, na nyumbani hatutarudi mikono mitupu.

1. Kauli ya kutendea

Sikiliza mazungumzo haya:

Mteja: Habari za jioni, mama? Nifungie chapati nne na maharagwe ya hamsini.
Mama: Nzuri, mwanangu. Nikuwekee pilipili?
Mteja: Hapana, usitutilie, Kukhu hali pilipili. Ila utuongezee supu kidogo.

Umeviona? Fungia, wekea, tilia, ongezea: vitenzi vinne vya kutendea katika mazungumzo ya nusu dakika! Kiambishi hicho huonyesha kuwa kitendo kinafanywa kwa ajili ya mtu. Ukikiacha useme "nifunge chapati", umeomba ufungwe wewe kamba, au umejitolea kuzifunga mwenyewe. Kwa vyovyote, mama atacheka kabla ya kukuhudumia.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mzizi wenye irabu a, i au u huchukua -ia: kaanga, kaangia, pika, pikia, funga, fungia. Wenye e au o huchukua -ea: menya, menyea, choma, chomea. Vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili mara nyingi huingiza l: tia, tilia, pakua, pakulia. Hata kula huwa kulia, ndiyo maana mkono wa kulia ukaitwa hivyo: ni mkono wa kulia chakula.

2. Umoja na wingi

Hapa ndipo kibanda hutupotosha. Utasikia "mandazi moja", "mahindi moja", "mayai moja". Katika insha andika hivi:

andazi moja – maandazi mawili
hindi moja – mahindi mawili
yai moja – mayai mawili
kiazi kimoja – viazi viwili
chapati moja – chapati mbili (si "machapati"!)

Vilevile "chapo" na "madondo" ni tamu mdomoni, lakini kwenye karatasi ya mtihani ni chapati na maharagwe.

3. Majina yametoka wapi?

Chapati ilitujia kutoka Bara Hindi. Chai asili yake ni Uchina, na sambusa ni Uajemi. Mahindi nayo yaliletwa pwani na Wareno katika karne ya 16. Jina lake linaelekeza India, ingawa zao lenyewe asili yake ni bara la Amerika! Leo Trans Nzoia ni ghala la taifa, na mbegu ya H611 ilitolewa hapa Kitale mwaka 1964. Mchanganyiko wa mahindi na maharagwe Wakikuyu huuita githeri, Wajaluo nyoyo. Majirani hao wote husimama mbele ya sufuria moja wakiagiza kwa Kiswahili.

Kukhu, yaani nyanya yangu, alihamia kwetu kutoka Bungoma. Ijumaa tukifungiwa chapati, hula zote mbili alizopakuliwa, akapangusa mikono, kisha akauliza, "Sasa busuma iko wapi?" Kwake, asiyekula ugali hajala.

4. Mwalimu wa karai

Wengine husema lugha ya vibandani inaharibu Kiswahili. Mimi nakubali nusu tu. Mama yangu huuza maandazi, na karo yangu hutoka katika karai lile. Hakufika kidato cha kwanza. Lakini akimwambia mteja, "Keti nikupakulie, na mtoto nimkatie kipande," hakuna mwalimu atakayempigia mstari mwekundu. Ijumaa yeye huuza hadi usiku, ndiyo maana sisi hununua cha kufungiwa na kumwekea chake. Akifika tunamsogezea sahani, tunamkunia nazi ikiwapo, tunamsimulia ya shuleni. Nyingi kati ya hizo ni kauli za kutendea. Tangu hapo sikuziona tena kama kanuni za kukariri, bali kama namna watu wanavyotunzana.

Zoezi

Sahihisha sentensi hizi:
(a) Nifunge mandazi tatu.
(b) Tuchome mahindi moja, sisi tunangoja hapa.
(c) Juma, mpakue Kukhu ugali.

Majibu: (a) Nifungie maandazi matatu. (b) Tuchomee hindi moja, sisi tunangoja hapa. (c) Juma, mpakulie Kukhu ugali.

Ukipita kibandani leo, sikiliza kabla ya kula. Haba na haba hujaza kibaba. Kiswahili kitukuzwe!