Asidi na besi zinapokutana



Katika sekondari tunafundishwa kwamba asidi na besi zikichanganywa kwa kiasi kinacholingana, huuana nguvu, zikabaki chumvi na maji:

HCl + NaOH → NaCl + H₂O

NaOH ndiyo kostiki soda ya kutengenezea sabuni. NaCl ni chumvi ya kula.

Lakini zinapokutana hutoa joto. Kwa hiyo, ukimwagikiwa na maji ya betri, ambayo ni asidi, usipake majivu wala magadi: joto hilo litakuunguza zaidi. Ukirukiwa na maji ya kostiki, usikamulie ndimu. Vua nguo iliyolowa, jimwagie maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, hata kama ni jichoni, kisha wahi zahanati. Waeleze na watoto.