Je, Mwosha Vioo Aoshe na Magari? Somo Juu ya Kazi ya Nyongeza



Katika mikutano yetu ya Palma, Mocímboa da Praia na Pemba swali moja limeulizwa mara nyingi na vijana wanaosafisha vioo vya maduka, mabenki, ofisi na nyumba za wageni. Wanasema: mwenye nyumba akiisha kuona vioo vyake vinang'aa, hutuonyesha gari lake lililojaa mchanga na chumvi ya pwani, akasema, "Na hili je?" Tukubali au tukatae? Tumeona swali hili lifanywe somo.

Wengine wenu mnaofanya kazi mashambani na viwandani mtasema, mambo ya vioo yanatuhusu nini sisi? Yanawahusu sana. Wazee wetu waliovuka Ruvuma kwenda kukata mkonge huko Lindi na Tanga walipimiwa kazi kwa matita, na kila tita lilikuwa na idadi yake ya majani. Mtu akimaliza matita yake siku yake imekwisha. Nyapara akimwambia baada ya hapo "ondoa na majani haya njiani," hiyo ni kazi ya pili, hata kama ni ya nusu saa. Mkata mkonge na mwosha vioo wako katika jambo moja: mwisho wa kazi uliyopatana uko wapi, na kinachozidi hapo analipa nani?

Kwanza tuwatenge watu wawili ambao swali hili huwachanganya. Kuna mwosha vioo aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Na kuna waosha vioo wanaojitegemea, watu watatu au wanne wenye ngazi yao na ndoo zao, wanaopatana bei na kila mwenye nyumba. Jibu la huyu si jibu la yule.

Tuanze na aliyeajiriwa. Huyu hana haja ya kujiuliza kama "atoe huduma" ya magari, maana huduma si yake, ni ya mwajiri. Swali lake ni kama mwajiri ana haki ya kumwamuru. Tulipata kesi moja katika nyumba ya wageni, mji hatuutaji. Ndugu yetu aliajiriwa kusafisha vioo na korido. Siku moja msimamizi alimwomba aoshe gari la mgeni mmoja, akaosha kwa hisani. Wiki ya pili yakawa magari mawili kila asubuhi kabla ya saa ya kazi. Mwezi wa tatu ikawa ni amri, na alipokataa aliambiwa ni mkaidi, ataandikiwa barua. Tulipoomba mkataba wake tukauona ugonjwa ulipo. Uliandikwa: kusafisha vioo, korido "na kazi nyingine atakazopewa."

Ndugu, maneno hayo manne, yatazameni vizuri kabla hamjatia sahihi. Ni mlango usio na komeo. Asiyejua kusoma Kireno amwombe mjumbe wa kamati ya sindikato amsomee, pole pole, mstari kwa mstari. Si aibu. Aibu ni ya anayempa mtu karatasi ya kutia sahihi huku akimharakisha.

Sheria yasemaje? Sheria ya Kazi ya Msumbiji namba 23 ya mwaka 2007 ilishika nafasi kwa miaka mingi, na sasa imebadilishwa na Sheria namba 13 ya mwaka 2023. Kazi ya kawaida ni saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki. Kinachozidi hapo ni saa za ziada, na saa ya ziada hailipwi kama saa ya kawaida, huongezwa nusu yake, na usiku huongezwa zaidi. Mwajiri anaweza kumpa mfanyakazi kazi isiyo katika mkataba wake pakitokea dharura au haja ya kazi isiyotazamiwa, lakini kwa muda tu, na bila kumpunguzia mshahara wala cheo. Je, magari ya wageni kila asubuhi ni dharura? Gari kuchafuka katika njia zetu za mchanga ni jambo la kila siku, linatazamiwa kama maji kujaa na kupwa.

Kesi ile ilikwishaje? Ndugu yetu alikuwa na daftari la shule, na kuanzia mwezi wa pili alikuwa akiandika tarehe, saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Siku alizoandika alilipwa. Siku za mwezi wa kwanza, ambazo hakuandika, hazikulipwa hata moja, ingawa kila mtu pale alijua kwamba aliosha. Kuhusu magari ya mbele, waliandikiana karatasi kwamba ataosha ndani ya saa zake 8, na vioo vya ghorofa ya juu apewe mtu mwingine. Hatukupata yote tuliyotaka.

Jambo jingine ni fedha ya mkononi. Mwajiri mwingine husema, "Nitakupa kitu kidogo cha magari," akampa noti mbili tatu jioni. Noti ni tamu, lakini haikuandikwa popote. Katika bima ya taifa ya INSS mchango ni asilimia 7 ya mshahara: 4 anatoa mwajiri na 3 anakatwa mfanyakazi. Ujira wa magari ukiingizwa katika mshahara wenyewe, utakuonekania siku ya ugonjwa na siku ya uzee. Ya mkononi huishia dukani jioni ile ile.

Sasa tuje kwa wanaojitegemea. Hapa ndipo penye hesabu, na tunawaomba mchukue kalamu. Bei tutakazotaja ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwake.

Tuseme vijana wanne wanasafisha vioo vya duka kwa saa 4 na wanalipwa metikali 1,200. Sabuni, maji, vitambaa na nauli ya ngazi ni 240. Zinabaki 960. Watu wanne kwa saa 4 ni saa 16 za kazi. Gawanya: kila saa ya mtu imeleta metikali 60. Sasa mwenye duka anawaambia waoshe na magari mawili, 150 kila moja. Kila gari linataka watu wawili kwa saa moja, basi jumla ni saa 4 za kazi. Fedha ni 300. Maji ya gari si maji ya kioo. Kioo kinakwenda kwa ndoo moja na fimbo ya mpira, lakini gari lenye tope linakunywa madumu, na kwetu dumu linanunuliwa. Weka 100 kwa maji, sabuni na vitambaa vinavyochakaa. Zinabaki 200, yaani 50 kwa saa. Imepungua kidogo, si mbaya. Lakini mwenye duka atasema, "Kwa kuwa mko hapa hapa, nifanyieni 100." Basi fedha ni 200, toa 100 ile ile ya gharama, inabaki 100. Kila saa ya mtu imekuwa metikali 25.

Kuna atakayesema, mchana ule ningekaa bure, 25 si bora kuliko sifuri? Ni neno la kweli, hatulipuuzi, hasa kwa mwenye watoto. Lakini atazame mambo mawili. Bei ikiisha kushuka mbele ya mteja, kuipandisha ni vita. Na mchana ule haukuwa bure kama angeutumia kugonga milango mitatu ya kutafuta vioo vingine.

Halafu kuna vyombo. Mchanga wa gari ukiingia katika kitambaa hautoki kwa kusuuza mara moja. Kitambaa hicho ukikipeleka kwenye kioo cha benki kinaacha mikwaruzo ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa, na kioo kimoja kikubwa chaweza kula mapato ya mwezi. Anayeosha magari awe na ndoo na vitambaa vyake mbali kabisa, vya rangi nyingine ikiwezekana. Na maji ya visima vyetu vya karibu na bahari yana chumvi. Ukioshea kioo na kukiacha kikauke juani, kinabaki na madoa meupe. Ukioshea gari, chumvi inabaki katika bati. Maji ya mvua yakusanywe kwa kazi hii, au suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Wala gari lisioshewe karibu na kisima, maana mafuta yake yatashuka na maji mchangani, na kisima hicho ndicho wanachochotea mama zetu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya funguo. Mwosha vioo hukaa nje ya mali ya mtu, lakini mwosha gari huingia ndani yake. Simu ikipotea, mkwaruzo ukionekana, kioo cha pembeni kikivunjika, wa kwanza kushikwa ni aliyekuwa na kitambaa mkononi. Kwa hiyo lizungukeni gari pamoja na dereva kabla ya kumwaga maji, mwonyesheni kila kovu alilokuja nalo. Atoe vitu vyake mwenyewe. Funguo abaki nazo. Na yeyote asiye na leseni asilisogeze gari hata hatua tatu kutafuta kivuli, hata akibembelezwa vipi. Tumeona kijana mwema akilipa deni la ukuta wa mtu kwa sababu ya hatua tatu.

Tena kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisema mkutanoni. Magari katika miji yetu tayari yana waoshaji wake. Ni vijana wanaokaa chini ya mwembe na ndoo zao, na wengi wao wamekimbia vijiji vyao kwa vita iliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Hawana ngazi wala fimbo ya mpira, wana mikono tu. Sisi wenye kazi ya vioo tukiingia na bei ya 100 tunawaondoa chini ya mwembe wao, na kesho wao watainunua fimbo ya mpira na kuja kwenye vioo vyetu kwa nusu bei. Atakayefurahi ni nani? Ni mwenye duka peke yake. Kwa maoni yetu njia iliyo bora ni kupatana nao: mteja akiuliza gari, mwelekezeni kwao kwa bei moja inayojulikana, nao wakiulizwa vioo wawaelekeze kwenu. Waiteni katika mkutano. Baadhi yao wakijiandikisha INSS kama wanaojitegemea, maana inaruhusiwa, tutakuwa tumepata ndugu wapya.

Msiisahau Palma pia. Mradi wa gesi wa Afungi ulipoleta magari mengi, waliojenga maisha yao yote juu ya magari hayo walipata riziki nzuri. Tarehe 24 Machi 2021 mji ulishambuliwa, mradi ukasimama kwa miaka, na magari yakaondoka. Vioo navyo vilipungua, lakini shule, zahanati na maduka ya watu wa hapa hapa yalipofunguliwa tena yalikuwa na madirisha.

Basi jibu letu kwa wanaojitegemea: magari yasiwe nyongeza ya kumpendeza mteja. Anayetaka kazi hiyo aifanye kuwa kazi yenyewe, kwa siku yake, vyombo vyake na bei yake isiyopungua. Mkitafuta nyongeza, itafuteni karibu na kioo. Nyavu za mbu za madirishani hujaa vumbi na hakuna anayeziosha. Vibao vya maduka navyo. Na siku hizi mapaa mengi yana sahani za umeme wa jua, ambazo vumbi na mavi ya ndege huzipunguzia nguvu. Zile ni vioo, ngazi mnayo, maji yanayotakiwa ni machache. Zioshwe alfajiri kabla hazijapata moto, kwa sababu maji baridi juu ya kioo kilichochomwa na jua yaweza kukipasua. Msizikanyage, msitumie brashi ya chuma, na mwenyewe azime umeme wake kabla mtu hajapanda. Bei yake isemwe mkiwa bado chini ya ngazi.